Wa Kwanza Kuamkiwa

Twawasalimu ninyi mlio jikoni, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na wewe ambaye bado umo kitandani, redio ikiwa karibu na mto wako. Wewe wa kitandani twakuomba usiizime, maana maneno yetu ya leo ni yako hasa.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja ambalo twalitumia kila siku bila kulitafakari, nalo ni kuamkia. Mtangazaji wa habari husema kwamba jambo fulani lilitokea usiku wa kuamkia Jumatatu. Na mama wa pwani humwambia mwanawe, "Nenda ukamwamkie babu yako." Neno ni lile lile. Kuamkia ni kutoka usingizini ukaikuta siku mpya, na kuamkia ni kumpa mkubwa heshima yake kabla hujashika shughuli nyingine. Mtoto mwenye adabu hapiti mbele ya babu yake akaenda kucheza, kisha saa 6 mchana akakumbuka kumpa shikamoo. Basi swali letu ni hili: wewe uamkapo, wamwamkia nani kwanza?

Jibu la watu wengi siku hizi twalijua. Ni simu. Mkono hutoka chini ya blanketi kabla macho hayajafunguka sawasawa. Pale pana ujumbe wa kamati ya harusi, pana mtu anayedai deni lake, pana picha ya ajali ya jana, na pana jamaa aliyetuma habari za siasa saa 9 usiku (huyo naye hulala lini?). Kabla hujanawa uso umekwisha kuitwa na watu kumi, na kila mmoja amekugawia kazi au hofu. Hatusemi kwamba simu ni dhambi. Wengine wenu mnatusikiliza kwa simu hivi sasa. Twasema tu kwamba yule unayemwamkia kwanza ndiye atakayekupangia siku yako.

Fungueni Injili ya Marko, sura ya kwanza, mkaisome wenyewe nyumbani. Bwana wetu alikuwa Kapernaumu. Jioni ile, jua lilipokwisha kuchwa, walimletea wagonjwa hata mji wote ukakusanyika mlangoni. Kazi ya namna hiyo huchosha mwili. Hata hivyo aliondoka kabla ya mapambazuko, giza lingali jingi, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba. Simoni na wenzake wakamfuata. Walipomwona wakamweleza kwamba watu wote walikuwa wakimtafuta. Mtu mwingine angerudi mbio, maana kutafutwa ni kutamu. Lakini Yeye alijibu kwamba imempasa kwenda miji mingine iliyo jirani, akahubiri na huko. Twaona kwamba alipofikiwa na ule umati wa kumtafuta, tayari alikuwa amekwisha kuonana na Baba yake, na njia ya siku ile alikuwa anaijua.

Labda utasema, "Kasisi, hayo tumeyasikia tangu shule ya Jumapili. Tumejaribu, tumeshindwa." Twawasikia. Kila Januari watu hujiwekea nadhiri ya kuamka saa 10 na kusoma Biblia nzima kwa mwaka, na ifikapo Februari wengi wamekwama katika Mambo ya Walawi.

Sisi tuliopitia chuo cha theolojia twaikumbuka kengele. Ilimwamsha mwenye bidii na mvivu pamoja, na kanisa dogo la chuo lilijaa kabla ya chai. Ungetuona ungedhani sote ni watu wa sala. Lakini siku ya kuondoka hakuna aliyeifunga kengele ile ndani ya sanduku lake. Kasisi kijana hufika parishi yake ya kwanza, nyumba iko kimya, naye hana wa kumpigia. Hapo ndipo hutambua kwamba nia njema peke yake haimwamshi mtu. Yahitajika kitu cha kukuita, na kama hakuna anayekupigia kengele, huna budi kuitafuta yako.

Jambo hili hata wataalamu wamelichunguza. Katika Chuo Kikuu kiitwacho University College London, mtafiti Phillippa Lally na wenzake walichapisha mwaka 2009 habari za watu 96 waliojaribu kujijengea desturi mpya kwa muda wa majuma 12. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo, kama kunywa maji au kula tunda, akalifunga katika jambo ambalo tayari hulifanya kila siku, mathalani chakula cha mchana. Kwa wastani ilichukua siku 66 hata tendo lile likawa la kawaida, lisilohitaji kushurutishwa. Wengine waliwahi kwa siku 18. Wengine ilikadiriwa kwamba wangehitaji siku 254. Nao waliona kwamba aliyekosa siku moja hakuharibu kazi yake.

Angalieni hesabu hiyo, ndugu zangu. Tangu Jumatano ya Majivu hata mkesha wa Pasaka ni siku 46, pamoja na Jumapili zake. Basi Mkristo aanzaye sala ya asubuhi katika Kwaresima, na ikifika Pasaka akaona bado inamlemea, asidhani kwamba Roho amemwacha. Siku 66 zake zitatimia karibu majuma matatu baada ya Pasaka, na huenda yeye ni wa siku 100. Na ukikosa Jumatano kwa sababu mtoto aliugua usiku, Alhamisi usiamke na deni la sura sita. Soma ya Alhamisi.

Kuhusu kengele yenyewe, tuna mzee mmoja wa kanisa, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule nyanda za juu. Yeye huwaombea watoto wake akiwa anakamua, kila mtoto na ng'ombe wake. Hakuna asubuhi anayosahau, kwa kuwa ng'ombe hamngojei mtu amalize usingizi. Huenda wewe huna ng'ombe, lakini una birika. Tangu uliweke jikoni hata maji yachemke zipo dakika kadhaa, na Zaburi nyingi zasomeka katika muda huo. Hata jua la nchi yetu latusaidia. Huko London jua la Juni huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri, na la mwisho wa Desemba hupita saa 2 asubuhi. Hapa Nairobi, tofauti ya mawio katika mwaka mzima ni kama nusu saa tu. Mkenya aliyeamua kuomba kunapokucha hahitaji kubadili saa yake Januari hata Desemba.

Lakini asubuhi haianzi asubuhi. Katika Mwanzo sura ya kwanza jioni hutajwa kwanza, ndipo asubuhi. Na Waswahili wa kale walihesabu vivyo hivyo, ndiyo maana usiku wa kuamkia Jumapili ni mali ya Jumapili. Mtu aliyekesha mbele ya televisheni hata saa 7 usiku amekwisha kuitumia asubuhi yake. Wahubiri hupenda kumtaja John Wesley, aliyekuwa kasisi wa kanisa letu la Kianglikana, kwamba aliamka saa 10 alfajiri kwa miaka mingi. Ni kweli, lakini husahau kusema kwamba alikuwa na desturi ya kwenda kulala mapema. Madaktari washauri kwamba mtu mzima alale saa saba au zaidi. Mwili ni wa Bwana nao, wala hatuoni utakatifu katika kusinzia kwenye usukani wa matatu. Kwa hiyo usiku iache simu sebuleni, uiweke Biblia mezani ikiwa imefunguliwa mahali utakaposoma, miwani juu yake. Jambo dogo, lakini alfajiri mtu hana akili ya kutafuta miwani.

Sasa twataka kusema neno ambalo akina baba huenda wasilipende.

Tulipata kuitembelea nyumba moja, tukalala huko. Alfajiri mwenye nyumba aliketi sebuleni na Biblia yake, mlango umefungwa, watoto wameonywa wasipige kelele. Wakati wa chai alituambia kwa furaha kwamba kwa miaka mingi hajakosa saa yake na Mungu. Nasi tulimwamini. Lakini tulikuwa tumemsikia mkewe akiamka kabla yake. Alichota maji, akawasha makaa, akamwogesha mdogo, akamtafutia wa darasa la nne soksi ya pili, akafunga vyakula vya shule, na yote aliyafanya kwa kunyata ili baba asisumbuliwe. Tukamwuliza, "Mama, nawe saa yako huwa lini?" Akacheka, akaendelea kuosha vikombe.

Kicheko kile hakikuwa cha furaha. Saa ile ya baba ilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni mama. Twajua nyumba nyingi za namna hiyo, hata za watumishi wa Kanisa. Mama mmoja mwingine alituambia waziwazi, "Kasisi, asubuhi si yangu, ni ya watu wote wa nyumba hii." Je, tutamfundisha mama huyo kuamka mapema zaidi? Aamke saa 9? Hapana. Hatuwezi kumwongezea mzigo kisha tukauita ibada.

Husimuliwa habari za Susanna, mama yake huyo Wesley, aliyezaa watoto 19, kwamba alipotaka kuomba alijifunika aproni yake kichwani pale pale katikati ya nyumba, na watoto wakajua kwamba mama sasa asiulizwe neno. Kisa hiki hutumiwa kuwaaibisha akina mama, ati kama yeye aliweza, wewe washindwaje? Sisi twauliza swali jingine. Mumewe Samuel alikuwa kasisi wa Epworth, na bila shaka alikuwa na chumba cha vitabu chenye mlango. Mbona mama abaki na aproni?

Baba, twakuomba. Siku tatu katika juma, washa jiko wewe. Mvalishe mtoto wewe. Mpe mkeo dakika 20 nyuma ya mlango ule uliokuwa ukiufunga kwa ajili yako, nawe ombea watu kwa sauti ya chini huku unakoroga uji. Mungu aliyesikia sala zako sebuleni atazisikia na jikoni. Yule ndugu wa nyumba tuliyolala tulimwambia hivyo hivyo. Alinyamaza kitambo kirefu. Mwaka uliofuata tulipopita, yeye ndiye aliyetuandalia chai. Ilikuwa na sukari nyingi mno, na mkewe alituomba tusiseme neno.

Tena mtu asiseme kwamba hajui la kufanya katika dakika hizo. Watawa wa zamani walikuwa na vipindi vingi vya sala usiku na mchana. Thomas Cranmer, katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, alivikusanya vikawa viwili, asubuhi na jioni, katika lugha ya watu wenyewe, ili si watawa tu bali na mkulima na fundi waweze kusali. Fuata njia hiyo hiyo. Zaburi moja, somo fupi, Sala ya Bwana, na jina la mtu mmoja unayemwombea siku hiyo. Ukiwa na nafasi, ongeza. Kama huna, umekwisha kumwamkia Bwana wako, nenda kazini.

Muda wetu unakwisha, lakini kuna mtu hatujamsahau. Wewe mlinzi unayevua koti sasa hivi langoni, na wewe muuguzi uliyetoka zamu ya usiku na macho yanauma, usidhani kwamba maneno haya yamekupita. Asubuhi yako ni ile saa uamkayo, hata ikiwa saa 8 mchana na watoto wa jirani wanacheza mpira ukutani kwako. Bwana utamkuta. Kwa sasa fika nyumbani, vua viatu, funga pazia, ulale salama.