Nyumba Iwe na Mwanga, Umeme Usituishie
Mazungumzo ya Mwenyekiti kwa wanachama na wageni, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



Miaka kumi si mchezo. Wapo waliosema wanawake wakikaa pamoja hawamalizi mwaka bila kugombana. Tumegombana, ndiyo, lakini sanduku letu lenye kufuli tatu bado lipo na funguo zake tatu bado zipo kwa watu watatu. Habari za hisa na mikopo watazisema wenyewe Katibu na Mweka Hazina. Mimi nimeombwa nizungumzie jambo moja ambalo tutalipigia kura Jumatano ijayo, nalo ni mkopo wa taa.

Jambo lenyewe ni hili. Imependekezwa kwamba mwanachama anayetaka akopeshwe hadi shilingi 40,000 bila riba, arudishe kwa miezi minne. Fedha hiyo ni ya kubadilisha balbu za nyumbani, na kwa wenzetu ambao umeme haujawafikia ni ya kununua taa ndogo ya jua. Wapo wanaosema fedha ya kikundi ni ya biashara, si ya kuchezea balbu. Hoja hiyo siidharau, maana waliyoitoa ni watu wanaokipenda kikundi. Naomba tu tufanye hesabu pamoja kabla ya kukata shauri.

Akina mama wenzangu, tuanze na ile balbu ya zamani, yenye waya mwembamba ndani, inayotoa mwanga wa njano. Waya ule unapashwa moto mpaka unang'aa. Katika umeme wote unaoingia humo, sehemu ndogo sana, kama moja katika ishirini hivi, ndiyo inayotoka kuwa mwanga. Iliyobaki yote ni joto. Kwa hiyo balbu ile ni jiko linalotoa mwanga kidogo. Ukitaka ushahidi waulize wenzetu wanaofuga kuku. Wanaiwasha kwenye boksi la vifaranga usiku, vifaranga wanapata joto. Kwa kazi hiyo ni balbu nzuri na sisemi waitupe. Lakini sebuleni kwako hapa Muheza, mwezi wa pili, nani anataka jiko darini?

Balbu za siku hizi, zile za LED, hazipashi waya moto. Ndani yake mna chembe ndogo zinazotoa mwanga umeme ukipita. Rangi nyekundu na kijani zilipatikana zamani, lakini ya bluu iliwashinda wataalamu kwa miaka mingi, na bila bluu hakuna mwanga mweupe. Wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio walioiweza miaka ya tisini mwanzoni, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mwanga ule wa bluu hupitishwa kwenye unga wa rangi ya njano, ukatoka mweupe. Hicho ndicho kitu unachokiona leo dukani kimepangwa karibu na sabuni na viberiti.

Sasa hesabu. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo msiogope, ni kuzidisha tu.

Chukua nyumba yenye balbu nne za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila siku. Nne mara 60 ni wati 240. Mara saa tano ni 1,200, yaani uniti moja na sehemu mbili ya kumi kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 36. Sasa weka balbu nne za LED za wati 9, ambazo mwanga wake ni sawa na ule wa 60 ya zamani. Nne mara tisa ni 36, mara saa tano ni 180. Kwa siku 30 ni uniti tano na nusu haifiki. Mwanga ni uleule, saa ni zilezile, na uniti 30 na zaidi zimebaki kwenye LUKU yako.

Jamani, uniti 30 zina maana gani? Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa kila uniti katika zile 75 za kwanza za mwezi, kabla ya kodi na makato. Zilizozidi 75 zilikuwa shilingi 350 kila moja. Mama anayetumia uniti 90 kwa mwezi analipa 7,500 za mwanzo na 5,250 za zile kumi na tano zilizozidi, jumla 12,750. Akibadilisha balbu anashuka hadi kama uniti 59. Analipa 5,940. Zimebaki shilingi 6,810 mkononi mwake kila mwezi. Hisa yetu moja ni shilingi 5,000. Yaani huyu mama alikuwa anachoma hisa moja na zaidi kila mwezi kwa kupasha moto dari! Wahenga walisema chovya chovya yamaliza buyu la asali.

Nisiwadanganye, si kila mmoja atapata hivyo. Aliye tayari chini ya uniti 75 ataokoa kama shilingi 3,000 tu. Mwenye balbu moja ataokoa pungufu ya hapo. Na bei hubadilika, kwa hiyo kila mmoja aulize ofisi ya Tanesco yuko kundi gani na uniti yake ni shilingi ngapi leo. Ila tuseme balbu nne zimekugharimu shilingi 16,000. Yule wa uniti 90 anairudisha hela hiyo kabla ya miezi mitatu kwisha. Yule wa chini ya 75 inamchukua miezi kama sita. Baada ya hapo ni faida tupu, maana balbu ya zamani huishi kama saa 1,000, ambazo kwa saa tano kwa siku hazifiki miezi saba. LED nzuri huenda saa 15,000 na zaidi, yaani miaka minane.

Lakini nimesema LED nzuri. Hapo ndipo tunapoumizwa. Mwenzetu mmoja alinunua balbu sita kwa mchuuzi aliyepita nyumba kwa nyumba. Wiki ya tatu nne zilikuwa zimekufa, na mchuuzi hajaonekana tena. Kwa hiyo tushikane katika haya. Nunua dukani kwa mtu anayejulikana, ijaribiwe mbele yako, uchukue risiti, na uulize kama ina dhamana. Soma boksi. Wati zinakuambia balbu inakula umeme kiasi gani, hazikuambii inatoa mwanga kiasi gani. Mwanga unaandikwa kwa lumeni. Ile 60 ya zamani ilitoa kama lumeni 800, basi tafuta boksi lenye lumeni 800 na wati kama 9. Balbu ikijisifu kwa maandishi makubwa halafu lumeni hazijaandikwa, iache hapohapo.

Kuna namba nyingine yenye herufi K. Ikiwa 2700 au 3000, mwanga ni wa njano, mtulivu, unafaa chumbani. Ikiwa 6500, ni mweupe kama mchana, unafaa jikoni na kwenye cherehani. Umeme ni uleule, ni suala la macho na kazi.

Na zile taa za vioo vilivyojikunja, tulizoziita enaji seva? Zinakula umeme kidogo, hilo ni kweli, ila ndani zina zebaki kidogo, nayo ni sumu. Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba zile za kawaida za nyumbani zisitengenezwe wala kuingizwa nchini baada ya mwaka 2025. Uliyo nayo nyumbani itumie mpaka ife. Ikivunjika, toa watoto, fungua madirisha, subiri kidogo, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu. Usiokote kwa mikono, na usifagie kwa ufagio vumbi likaruka.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa nije kwenye jambo ambalo halihitaji mkopo wowote. Nyumba nyingi zetu zina giza siyo kwa kukosa balbu, ni kwa sababu kuta zinakula mwanga. Ukuta wa udongo, au uliopakwa rangi nzito, au wenye masizi, unameza mwanga. Ukuta mweupe unaurudisha chumbani. Mfuko wa chokaa na brashi unaweza kufanya balbu moja ifanye kazi uliyodhani inataka mbili. Ukishapaka ukuta, paka na dari. Pangusa vumbi kwenye balbu, ikiwa imezimwa na imepoa. Kabati lisizibe dirisha. Na wewe unayeshona, balbu ikiwa nyuma yako unashonea kwenye kivuli chako mwenyewe. Iwekwe mbele kwa pembeni, upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Mtoto anayesoma naye hivyohivyo.

Hata mchana wapo wanaowasha taa, maana chumba hakina dirisha. Mwaka 2002 huko Uberaba, Brazil, fundi makanika mmoja aitwaye Alfredo Moser alijaza maji safi kwenye chupa ya plastiki, akatia dawa kidogo ya kung'arisha nguo ili maji yasiote ukijani, akaipitisha kwenye tundu la paa, nusu nje nusu ndani, akaziba pembeni mvua isipite. Jua likiwaka, chupa inasambaza mwanga chumbani kama balbu ya wati 40 au 60. Haimalizi uniti hata moja. Usiku haifai kitu, lakini stoo ya mahindi na jiko la nje zinatumika mchana. Mafundi wetu wa mabati, mnasikia?

Sasa nizungumze juu ya wenzetu sita ambao bado wanatumia kibatari. Kwa hawa ndiyo maana nimesimama hapa. Kibatari kinakula mafuta ya taa kila wiki, kinatoa moshi unaoingia kifuani mwa mtoto anayesoma karibu nacho, na mwanga wake ni haba. Tena kinaweza kuunguza nyumba. Mwenzetu mmoja hapa alipoteza chandarua, godoro na sare za shule za watoto kwa usiku mmoja, kibatari kilipoangushwa na paka. Watu walitoka salama, tunamshukuru Mungu. Lakini fedha ya mfuko wa jamii tuliyompa siku ile ingetosha kununua taa za jua kwa wote sita. Hilo nalo ni hesabu.

Na msiseme mambo ya jua ni ya wataalamu wa mjini. Kituo cha Barefoot College kilichopo Kinyasini, Unguja, kinafundisha akina mama wa vijijini kufunga na kutengeneza taa za jua. Wengi hawakusoma sana, na wapo mabibi wenye wajukuu. Kazi hiyo ilianzia Tilonia, India, ambako wanafunzi wasiojua kusoma hufundishwa kwa rangi na kwa kuonyeshwa. Na kwa kuwa LED inakula umeme kidogo, paneli ndogo inatosha kuwasha nyumba ambayo kwa balbu za zamani ingetaka paneli kubwa usiyoiweza bei.

Narudi kwa wale wenye hoja ya biashara. Ni kweli mkopo huu hautaleta riba, na kwenye mgao tutaikosa hiyo riba. Lakini shilingi uliyoiokoa nyumbani ni sawa na uliyoipata sokoni, tena hii haingoji mteja. Aliyeokoa shilingi 6,000 kwa mwezi ananunua hisa asiyokuwa akiinunua. Mama anayeona vizuri saa mbili usiku anamaliza kushona gauni la watu. Anayekaanga maandazi alfajiri haunguzi. Fedha hii itarudi sandukuni kwa mlango mwingine.

Ninachowaomba kabla ya Jumatano ni kitu kidogo. Kila mwenye LUKU aandike kwenye daftari uniti zilizobaki leo usiku, aandike tena Jumanne usiku. Aliyeongeza umeme katikati asisahau kuandika. Ahesabu balbu zake na wati zake. Tuje kwenye mkutano na namba zetu wenyewe, siyo na maneno ya Mwenyekiti. Namba zikikataa, tutakataa wote. Zikikubali, tusiwaache wenzetu sita gizani mwaka wa kumi na moja.



Kikundi chetu, hoyee! Akina mama, hoyee!