Paneli za Jua za Nano: Tusubiri au Tununue?



Swali lililo mbele yetu ni hili: tununue paneli za jua sasa, au tusubiri zile za teknolojia ya nano?

Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Mwaka 1991, huko Lausanne, Uswisi, Brian O'Regan na Michael Grätzel walitengeneza seli ya chembe za titani dioksidi zenye nanomita chache tu, zilizopakwa rangi inayonasa mwanga. Udogo wa chembe uliongeza sana eneo la kushika rangi hiyo, na seli ikageuza zaidi ya asilimia 7 ya mwanga kuwa umeme. Mwaka 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake nchini Japani walitumia perovskaiti badala ya rangi, wakapata asilimia 3.8. Leo, katika maabara, perovskaiti imepita asilimia 25. Ikiwekwa juu ya silikoni, imepita 33.

Hata hivyo, perovskaiti huharibiwa na unyevu na joto, na aina nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Paneli nyingi za silikoni huja na dhamana ya miaka 25.

Kwa hiyo nashauri: zahanati isiyo na taa isikae gizani ikingoja maabara. Nunueni silikoni. Muuzaji akiwatajia "nano", dai kwanza dhamana ya maandishi. Tena wekeni akiba ya betri, maana ndizo huchakaa mapema.