Madai ya Hospitali Yalipwe kwa Wakati

Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, inayojulikana kwa wengi kama SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, hazina ya bima iliyoanzishwa mwaka 1966, lakini madeni ya hazina hiyo kwa hospitali, yanayokadiriwa kufikia takriban shilingi bilioni 30, hayakuzikwa pamoja na jina lake. Madeni hayo yanatokana na madai, yaani hesabu ambayo hospitali huwasilisha kwa bima ikiwa imekwisha kumtibu mgonjwa kwa gharama yake yenyewe.

Mjini Kitale na Bungoma, ambako hospitali ndogo za kibinafsi na za misheni hubeba sehemu kubwa ya wagonjwa, kuchelewa kwa malipo ya madai hayo kuna uzito wake, kwa kuwa glavu, dripu, uzi wa kushonea na mafuta ya jenereta vimekwisha kutumika, na muuguzi wa zamu ya usiku anadai mshahara wake mwisho wa mwezi. Msambazaji wa dawa huvumilia mkopo mmoja au miwili, kisha hutaka pesa taslimu. Rafu zinapobaki tupu, mgonjwa hupewa karatasi akanunue dawa kwenye duka lililo nje ya lango. Mgonjwa huyo, kama ameajiriwa, hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, na kama ni mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia ambaye pesa zake huja baada ya mavuno, hutakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, au akope kwanza ili aulipe. Kumtoza tena dukani ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Machi 2025 Rais William Ruto aliagiza hospitali zinazoidai NHIF shilingi milioni 10 au chini ya hapo zilipwe, na madai makubwa zaidi yahakikiwe kwanza. Uhakiki, maana yake kulinganisha dai na rekodi za matibabu, ni wa lazima, kwa sababu wapo waliodai malipo ya wagonjwa ambao hawakulazwa kamwe, na fedha hizo ni za wachangiaji. Hata hivyo, shaka juu ya kipengele kimoja, tuseme siku mbili za kulazwa zisizo na saini ya daktari, haipaswi kuzuia malipo ya upasuaji ambao hakuna anayeupinga.

Kwa hiyo sehemu isiyo na ubishi ingelipwa mara moja, hoja juu ya sehemu iliyobaki ikatumwa kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, na kila mwezi wa kuchelewa ukatozwa riba. Hapo hospitali ya Bungoma ingeweza kuagiza dawa za malaria kabla ya msimu wa mvua za masika kuleta wagonjwa.