Wakili Huyu ni wa Nani?

Maneno yaliyosemwa katika semina ya vijana na viongozi wa vikundi, Ikutha



Tumeombwa tuseme juu ya mawakili wa kampuni changa za teknolojia, na wa wale wanaoweka pesa zao humo. Wengine wenu mtauliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa Ikutha, tunaolia juu ya mvua na bei ya ndengu? Yanatuhusu. Konza, mji wa teknolojia wa serikali uliozinduliwa Januari 2013, uko upande wa Makueni. Vijana wetu wanamaliza vyuo na kurudi nyumbani na simu mkononi na wazo kichwani. Huyu anataka mkulima ajue bei ya mbuzi ya Mutomo na ya Kibwezi kabla hajauza kwa dalali. Hilo si wazo la ndoto. Mwaka 2010 akina dada watatu, Jamila Abass, Susan Oguya na Linda Kwamboka, walianzisha M-Farm pale Nairobi. Mkulima alituma ujumbe wa simu, akapata bei ya soko. Mwaka huo huo walishinda shindano la IPO48 na kupata euro 10,000 za kuanzia.

Kazi ikionekana nzuri, mgeni mwenye pesa huja. Naye haji mikono mitupu. Huja na karatasi, na hizo karatasi zimeandikwa na wakili. Hapo ndipo tunataka tukae leo.

Kila wakili ana mwenyewe

Si zamani sana, kikundi kimoja cha vijana kilituletea mkataba wa kurasa kumi na nane. Walikuwa wamepewa siku tatu. Tukawauliza, je, mna wakili? Wakajibu kwa furaha, "Ndiyo, mwekezaji ametuletea wake, na ni bure!"

Ndugu zetu, ukipeleka mbuzi sokoni, utamwachia dalali wa mnunuzi akupangie bei? Hapana. Wakili wa mwekezaji anaweza kuwa mtu mwema kabisa, mwenye adabu, tena anayekuletea chai. Lakini sheria ya kazi yake inamtaka amtumikie yule aliyempa kazi. Akimtumikia vizuri, ni kwamba anatafuta faida ya mwekezaji katika kila mstari. Hajakosea. Atakayekosea ni wewe ukidhani yuko upande wako.

Na ile "bure"? Tuliposoma pamoja tukakuta kipengele kinachosema ada ya wakili huyo italipwa na kampuni kutoka katika pesa za uwekezaji. Kumbe vijana ndio waliokuwa wanamlipa! Kipengele hiki ni cha kawaida katika mikataba ya namna hii, si wizi. Lakini ni lazima ukijue, na uombe kiwekewe kikomo.

Wako mawakili wa namna tatu. Wa kwanza ni wa mwekezaji. Wa pili ni wa kampuni. Wa tatu ni wako wewe mwanzilishi. Watu wengi husahau tofauti ya huyo wa pili na wa tatu. Mnaijua Facebook. Eduardo Saverin alikuwa mmoja wa walioianzisha mwaka 2004, na hisa zake zilikuwa kama theluthi moja. Mwaka 2005 alitia sahihi karatasi za kampuni. Baadaye hisa mpya zikatolewa kwa wengine, na fungu lake likashuka chini ya sehemu moja ya kumi. Mawakili wa kampuni walikuwapo, wakiitumikia kampuni. Alikwenda mahakamani, kesi ikaisha kwa makubaliano, na jina lake likarudishwa kati ya waanzilishi. Yeye alikuwa na uwezo wa kushtaki. Kijana wa Ikutha ataupata wapi?

Maneno madogo yenye pesa nyingi

Hebu tufanye hesabu. Vijana watatu wana kampuni. Mgeni analeta shilingi 2,000,000 na kusema, "Kampuni yenu naipa thamani ya 8,000,000." Vizuri. Lakini ni thamani kabla ya pesa zake kuingia, ama baada? Ikiwa ni kabla, kampuni inakuwa ya 10,000,000 na yeye ana asilimia 20. Ikiwa ni baada, ana asilimia 25. Neno moja tu limehamisha asilimia 5.

Jambo la pili ni nani anayelipwa kwanza. Tuseme kampuni inauzwa kwa 3,000,000. Mkataba ukisema mwekezaji atarudishiwa pesa zake kwanza, atachukua 2,000,000, na nyinyi watatu mtagawana 1,000,000. Hiyo huenda ni haki, kwa sababu yeye ndiye aliyetoa pesa. Lakini ukisema atarudishiwa mara mbili, anachukua zote 3,000,000 na nyinyi mnakwenda nyumbani na shukrani. Tofauti iko katika tarakimu moja, ukurasa wa katikati, ambapo macho yameshachoka.

Siku hizi kuna mkataba mfupi unaoitwa SAFE. Uliandikwa na wakili Carolynn Levy wa Y Combinator kule California mwaka 2013, na yeyote anaweza kuutumia bila malipo. Mwekezaji anatoa pesa leo, hisa zake zinahesabiwa baadaye. Ufupi wake unasaidia maskini, maana unapunguza saa za mawakili. Lakini hata huo ulibadilishwa mwaka 2018, hesabu yake ikawa ya thamani baada ya pesa. Kwa hivyo uliza umepewa wa namna gani. Na ukitia sahihi mitatu ama minne bila kuweka daftari, siku ya kugawa hisa utashangaa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la tatu ni nyinyi kwa nyinyi. Mmoja wenu akipata kazi Mombasa baada ya miezi minne, ataondoka na theluthi nzima? Wakili mzuri atawashauri hisa zipatikane kidogo kidogo kwa miaka ya kazi, mara nyingi minne, na anayeondoka kabla ya mwaka mmoja asipate kitu. Msione haya kuandikiana. Hata katika mwethya, asiyekuja na jembe anajulikana.

Kazi ni ya nani, na kesi itasikizwa wapi

Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda programu ya kompyuta kama inavyolinda maandishi. Hailindi wazo tupu. Tena inasema kazi iliyoagizwa na mtu, ama iliyofanywa na mwajiriwa kazini, haki yake huhesabiwa kuwa imekwenda kwa aliyeagiza ama kwa mwajiri, isipokuwa mmepatana vingine. Kwa hivyo ukipokea pesa za mgeni uandike programu kabla ya kupatana, huenda umeshaiuza bila kujua. Jina la kazi yenu nalo laweza kuandikishwa kama alama ya biashara katika taasisi ya serikali ya KIPI, kwa miaka 10 kila mara.

Wageni wengine huomba kampuni mama iandikishwe Delaware, jimbo dogo la Marekani. Wana sababu. Mahakama yake ya mambo ya kampuni ilianza mwaka 1792 na majaji wake wameizoea kazi hiyo, hivyo mwekezaji wa ng'ambo anajua atakalolipata. Kampuni nyingi zinazofanya kazi Kenya zimekubali, zikapata pesa. Hatusemi mkatae. Tunasema mwulize: tukigombana, kesi itasikizwa wapi? Mtu ambaye nauli ya Kitui inamshinda atamlipaje wakili wa Delaware kwa dola?

Kumpata wakili wako

Mwanzo, hakikisha ni wakili kweli. Kila mwaka wakili hutakiwa kuwa na cheti cha kufanyia kazi, na jina lake laweza kutafutwa kwa simu katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya. Muulize, umeshawahi kushughulikia mikataba ya hisa, ama wewe ni wa kesi za mashamba? Si aibu kuuliza.

Pili, mpe kazi ndogo. Usimwambie, "Tusimamie." Mwambie, "Tusomee mkataba huu, utuonyeshe vipengele vitatu vya hatari, na utuandikie ada yako." Gawaneni gharama kama mnavyogawana ya mazishi.

Tatu, wako mawakili wanaokubali hisa badala ya pesa. Kule California kuna ofisi kubwa za sheria, kama Wilson Sonsini, zilizochukua sehemu ndogo ya hisa za wateja wao. Inasaidia pesa zikikosekana, lakini kumbuka kwamba sasa wakili wako naye ni mwekezaji. Andikeni ni hisa ngapi, na kwa kazi gani.

Nne, wakili akikutendea vibaya, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Peleka malalamiko yako huko, usikae ukinung'unika sokoni.

Wale vijana wa kurasa kumi na nane waliomba wiki mbili zaidi. Walichanga, wakaenda kwa wakili mjini Kitui. Alipiga mstari vipengele viwili. Mgeni alikubali kimoja akakataa kingine, na vijana wakatia sahihi wakijua walichokubali. Hawakushinda yote, lakini hakuna aliyewafumba macho. Na mgeni hakukimbia, kama walivyoogopa. Mwenye nia njema huweza kungoja wiki mbili.

Kwa hivyo, karatasi ikifika, kabla ya kalamu uliza: huyu aliyeiandika ni wakili wa nani? Kama si wako, bado huna wakili. Njoni nayo ofisini, tuisome pamoja, kisha tuwaelekeze kwa anayejua zaidi.