Kuni, Mchwa na Dumuzi

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya wadudu wakaao katika kuni za akiba.

Wa kwanza ni mchwa. Yeye hutoka ardhini, naye hupenda giza na unyevu. Kuni zikilazwa chini na kuegemezwa ukutani, humfungulia njia ya kuingia nyumbani. Basi zipangeni juu ya mawe, mbali na ukuta, zipate upepo.

Wa pili ni dumuzi, naye ni wa kuogopwa zaidi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia Tabora, kisha akaenea katika nchi nyingi za Afrika. Urefu wake ni milimita 3 au 4 tu, lakini hutoboa mahindi na makopa hata yakawa unga mtupu. Na mti mkavu pia ni makao yake. Mtu aweza kufagia ghala vizuri, kisha akapanga kuni ubavuni pake. Mdudu akangoja humo mpaka mavuno. Kwa hiyo kuni na ghala visikae jirani.

Pasueni magogo, bandueni maganda, anikeni juani. Kuni za zamani zitangulie kuchomwa. Zenye vitundu na unga mpya zitieni motoni upesi. Wala msizinyunyizie sumu, maana moshi wake utawadhuru wapishi na watoto.

Akiba ya moto isiharibu akiba ya chakula. Kwaherini.