Pengo Kwenye Kimondo



Wahitimu, nimealikwa kama mchongaji, basi nitasema ya uchongaji. Kimondo cha Mbozi kipo mkoani kwetu Songwe, kijijini Ndolezi. Kina takriban tani 16 za chuma chenye nikeli kidogo. Wengi hupiga nacho picha wakaondoka. Ninyi mkifika, tazameni ncha yake nyembamba: kuna pengo. Mwaka 1930, kilipotangazwa duniani, wataalamu wa jiolojia walikikata kwa misumeno ya mkono wapate sampuli, na kipande kidogo kiliwatoa jasho la saa nyingi. Kovu lile lipo hadi leo. Kisha inameni. Zamani ilionekana sehemu ya juu tu. Udongo ukachimbwa pande zote, ikaachwa nguzo chini yake, ikaimarishwa kwa zege. Umbo mnalolistaajabia limefichuliwa na udongo ulioondolewa, na kwangu mimi huo ni uchongaji kamili. Mafundi wa Kimakonde wa mtindo wa mawingu nao hutoboa mpingo hadi jicho lipite katikati, na uwazi ule ndio unaoipa sanamu uhai.

Uwazi husimulia pia. Laetoli, kule Ngorongoro, kuna mashimo matupu: nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Timu ya mtafiti Mary Leakey ilizifukua kuanzia 1978, ikazichukulia kalibu, kisha zikafukiwa tena zisiharibike. Mashimo hayo yanaonyesha kisigino kilichodidimia na kidole gumba kilichoelekea mbele, kama chetu.

Hapa Isongole pia ardhi inapokea alama kila siku. Barabara ya Mpemba ilipopasua vilima, kingo zake zilibaki na michirizi ya mashine. Kwenye tope la Mto Songwe kuna alama za kwato za ng'ombe, nyayo za wachota maji, alama za matairi ya bodaboda. Mimineni plasta humo kabla mvua haijafuta, mtoe nakala, muandike tarehe na mahali. Anayekwenda kidato cha tano anaweza, anayekwenda chuo cha ufundi cha VETA anaweza, na anayebaki shambani ndiye aliye karibu zaidi na kazi yenyewe.

Nimekuja na gunia la plasta, nimemkabidhi mwalimu wenu wa sanaa. Mkianza Jumatatu, nitafurahi sana. Hongereni, wanangu.