Mashine ya Mashua Inapopata Moto

Leo nitasema juu ya mashine kuukuu ifungwayo tezini mwa mashua. Ikizimika kwa moto mbali na pwani, kilicho hatarini si chuma tu, bali roho za watu.

Mashine hii hupozwa kwa maji ya bahari yenyewe. Huingia kwa matundu yaliyo karibu na rafadha, husukumwa juu na pampu yenye gurudumu la mpira, huizunguka silinda, kisha sehemu yake hutoka nje kwa tundu dogo. Mkondo ule mwembamba ndio shahidi wako.

Ukikatika, zima mashine mara moja, ukaifuate njia ya maji. Kwanza, zibua lile tundu la kutokea kwa waya mwembamba, maana chumvi huliziba. Pili, inua mashine, utazame matundu ya kuingilia. Huenda yameshikwa na mwani au mfuko wa plastiki. Tatu, ufikapo pwani, fungua pampu. Ikiwa mabawa ya mpira yamekauka au kuvunjika, tia gurudumu jipya. Na vipande vilivyokatika vitafute, visije vikaziba njia za juu.

Je, maji yatoka vema na moto ungaliko? Toa thamostati, kama imo, uitie katika maji yachemkayo: isipofunguka, imeharibika.

Wala usiiwashe mashine nchi kavu bila maji. Mpira huungua upesi. Kila urudipo, ipitishie maji baridi yasiyo chumvi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwaherini.